Ziada Iliyokuwa Kiini: Mafunzo ya Watoto Nje ya Kusoma na Kuandika, kutoka Kituo cha Kipalapala hadi Shule za Kilutheri za Kilimanjaro, 1880–1970

Ikisiri

Makala hii inachunguza historia ya mafunzo ambayo leo huitwa "ya ziada" katika shule za msingi: ufundi, kilimo, nyimbo, michezo na malezi ya makundi rika. Mfano wa msingi ni kituo cha Mapadre Weupe cha Kipalapala, nje kidogo ya mji wa Tabora, ambako watoto waliokombolewa utumwani walilelewa katika miaka ya 1880. Mfano huo unalinganishwa na shule za Kilutheri za Misheni ya Leipzig mkoani Kilimanjaro. Makala inatetea hoja mbili. Kwanza, mpaka kati ya "somo" na "ziada" haukuletwa na wamisionari wa mwanzo bali ulichorwa na mfumo wa ruzuku na ukaguzi wa serikali ya kikoloni baada ya mwaka 1925. Pili, mafunzo hayo yalidumu pale tu ambapo wazazi na jamii waliyamiliki. Pale ambapo mtoto alikuwa amekatwa kutoka kwa ndugu zake, mafunzo yaleyale yalikuwa hatarini kugeuka kazi tupu.

1.0 Utangulizi

Historia ya elimu nchini Tanzania imezoea kuhesabu shule kwa idadi ya madarasa, walimu na wanafunzi waliofaulu. Hesabu hiyo ni ya lazima, lakini ina kivuli chake. Huacha nje saa nyingi ambazo mtoto wa shule ya misheni aliziishi bila kitabu mkononi: saa za shamba, za karakana, za kwaya, za uwanjani. Katika taarifa nyingi saa hizo hutajwa kwa sentensi moja, kana kwamba zilikuwa pumziko baina ya masomo ya kweli.

Makala hii inachukua mkondo mwingine. Inauliza: saa hizo zilikuwa na maana gani kwa waliozipanga na kwa waliozitumikia? Swali hili si la kale peke yake. Sera ya Elimu na Mafunzo ya Mwaka 2014, Toleo la 2023, imerudisha mafunzo ya amali katika moyo wa mtaala wa sekondari. Wakati huohuo shule za msingi za binafsi, zikiwamo za makanisa, hujinadi kwa wazazi kwa muziki, kompyuta na michezo. Tunapoamua upya kipi ni kiini na kipi ni ziada, yafaa kujua kwamba uamuzi huo umewahi kufanywa, na kwamba uliwagharimu watoto.

Chanzo kikuu cha makala ni maandiko yaliyochapishwa kuhusu misheni na elimu Tanganyika. Maandiko ya wamisionari wenyewe yana tatizo linalofahamika. Mengi yalielekezwa kwa wafadhili wa Ulaya, na mfadhili alipenda kusoma habari za mtoto mwenye furaha. Sauti ya mtoto mwenyewe haimo, au imo kwa kupitia kinywa cha mlezi wake. Kwa hiyo msomaji anaombwa kuyapima madai yote kuhusu "furaha ya kazi" kwa tahadhari, yakiwamo yale ambayo mtafiti huyu anaelekea kuyakubali.

2.0 Shule kabla ya shule: mtoto na njia ya misafara

Unyanyembe haikuwa nchi isiyo na elimu ikisubiri mwalimu. Richard Burton alipofika Kazeh, yaani Tabora, mwezi Novemba 1857, alikuta makazi ya wafanyabiashara Waarabu na Waswahili mahali ambapo njia kuu ya kutoka Bagamoyo iligawanyika: moja kuelekea Ujiji na Ziwa Tanganyika, nyingine kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Pembe za ndovu na watumwa vilishuka pwani; nguo, shanga, nyaya na bunduki vilipanda bara. Waliobeba uzito huo wote walikuwa, kwa sehemu kubwa, Wanyamwezi.

Rockel (2006) ameonesha kwamba upagazi wa Wanyamwezi ulikuwa kazi ya ujira yenye kanuni, heshima na utamaduni wake, wala haukuwa utumwa wa namna nyingine. Jambo linalotuhusu hapa ni nafasi ya watoto. Wavulana walifuatana na misafara wakiwa na mizigo midogo, na kijana ambaye hajaiona pwani alihesabiwa kuwa bado hajakomaa. Njiani alijifunza kugawa mzigo na kuuinua, kujenga kambi, kupima maji na siku za mwendo, kumtii kirangozi aliyetangulia mbele, kuimba ili hatua zilingane, na kuzungumza Kiswahili. Nyumbani, vyama vya siri na vya ustadi, kama kile cha Bayeye waliojua nyoka na dawa zake, vilikuwa na ngazi za mafunzo, miiko na nyimbo zake.

Mafunzo haya yalikuwa na sifa tatu. Yalifanyika kwa vitendo. Yalifungamana na wimbo. Na yalimrudisha mtoto kwa watu wake akiwa na hadhi mpya. Sifa ya tatu ndiyo itakayotuongoza katika sehemu zinazofuata, kwa sababu ndiyo iliyokosekana Kipalapala.

3.0 Kipalapala: watoto waliokombolewa

Msafara wa kwanza wa Mapadre Weupe, shirika lililoasisiwa na Charles Lavigerie mjini Algiers mwaka 1868, ulipita Tabora mwaka 1878 na kugawanyika huko: kundi moja lilielekea Ujiji, jingine Buganda. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 shirika lilifungua kituo Unyanyembe, na Kipalapala pakawa makao ya watoto yatima na watoto waliokombolewa kwa fedha kutoka mikononi mwa wafanyabiashara wa watumwa. Mwaka 1887 ilifanyika hapo ibada ya kumweka wakfu Askofu Jean-Baptiste Charbonnier, tukio linaloonesha uzito wa kituo hicho kwa misheni nzima ya maziwa makuu.

Mpango wa kulea watoto waliokombolewa haukubuniwa hapo. Bagamoyo, ambako Mapadre wa Roho Mtakatifu walifungua kituo mwaka 1868, tayari palikuwa na kijiji cha uhuru chenye mashamba na karakana. Oliver (1952) anaviona vituo vya namna hii kuwa makazi yaliyojitenga, ambamo mmisionari alikuwa mwalimu, mwajiri na hakimu kwa wakati mmoja. Kollman (2005), akichunguza Bagamoyo, anaonesha kwamba malezi na utumikishaji vilikaa pamoja katika ratiba moja ya siku.

Lavigerie alitoa maelekezo yaliyotofautiana na desturi ya wakati wake. Alisisitiza kwamba mtoto wa Kiafrika asigeuzwe Mfaransa. Afundishwe kwa lugha ya nchi, ale, avae na alale kama watu wa kwao, na apewe ujuzi utakaomwezesha kuishi kati yao. Kwa mtazamo huo, shamba na ufundi havikuwa pambo la darasa. Vilikuwa darasa lenyewe, na kusoma kulikuwa njia ya kufikia katekisimu. Ratiba ya makao ya namna hiyo ilizunguka mambo matatu: sala, kazi na mafundisho. Haikuwapo saa iliyoitwa ya ziada, kwa sababu hakukuwapo na kitu ambacho ingekuwa ziada yake.

Mfano wa mbali kabisa wa matumaini ya mpango huu ni Adrien Atiman. Alizaliwa katika nchi ya mto Niger, akatekwa angali mtoto, akakombolewa, na kusomeshwa utabibu Malta kwa mpango wa Lavigerie. Alifika Karema, pwani ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1889, akawa tabibu na katekista hadi kifo chake mwaka 1956. Hakulelewa Kipalapala, lakini maisha yake yanaonesha kile ambacho mafunzo ya ustadi yangeweza kuzaa mtoto alipopewa nafasi ya kufika mwisho wake.

Hata hivyo, hapa panazuka tatizo ambalo mwanahistoria hawezi kulikwepa. Mtoto wa Kipalapala hakuchagua kuwapo. Alikuwa amelipiwa. Hakuwa na baba wa kumwuliza mlezi kwa nini leo jembe limechukua siku nzima, wala mjomba wa kumchukua nyumbani wakati wa mavuno. Jembe lilelile lililokuwa somo asubuhi liliweza kuwa posho ya kituo jioni, na mtoto hakuwa na mahali pa kusimama ili aone tofauti. Aidha, fedha ya ukombozi yenyewe ilikuwa na utata, kwa kuwa iliingia katika soko lilelile ililokusudia kulidhoofisha. Kusema hivi si kukana kwamba maisha ya watoto wengi yaliokolewa. Ni kusema kwamba uhuru walioupata ulikuwa uhuru ndani ya uzio.

Kituo hakikudumu. Uhusiano na Mtemi Isike wa Unyanyembe uliharibika, na vita vya pwani vya mwaka 1888 na 1889, chini ya Abushiri, viliwatia Wazungu wote wa bara mashakani. Wamisionari walikihama Kipalapala mwaka 1889. Isike mwenyewe aliangushwa na Wajerumani Januari 1893 baada ya mapambano makali katika ngome yake. Watoto wa Kipalapala hawakuacha nyuma kijiji cha ufundi. Ukoo ambao ungeupokea ustadi wao na kuurithisha haukuwapo.

4.0 Walutheri, Wamoraviani na watoto wenye wazazi

Ulutheri haukupata mizizi Unyanyembe katika kipindi hiki, na sababu yake ni ya kijiografia na ya makubaliano. Waprotestanti waliotangulia huko walikuwa wa Shirika la Misheni la London, waliofika Urambo kwa Mirambo mwaka 1879. Mwaka 1898 kazi hiyo ilikabidhiwa kwa Wamoraviani, ndugu wa karibu wa Walutheri kwa asili ya Kijerumani na kwa mapenzi ya nyimbo. Makanisa haya mawili yalikuwa yamekwisha kugawana maeneo kusini, upande wa Ziwa Nyasa, mwaka 1891. Kwa hiyo anayetafuta shule ya msingi ya Kilutheri yenye historia ndefu inayoweza kulinganishwa na Kipalapala hana budi kuelekea Kilimanjaro, ambako Misheni ya Leipzig ilianza kazi Machame mwaka 1893.

Tofauti ya kwanza ni dhahiri. Mtoto wa shule ya Kilutheri ya Machame, Moshi au Marangu alirudi kihambani jioni. Alikuwa na wazazi waliojadiliana kama aendelee kwenda shule au achunge mbuzi. Ilibidi shule imshawishi mzazi, na mojawapo ya njia za kumshawishi ilikuwa wimbo. Uimbaji wa sauti nne, na baadaye vikundi vya tarumbeta ambavyo hadi leo ni alama ya sharika nyingi za Kilutheri, uliifanya shule isikike nje ya kuta zake. Mzazi asiyejua herufi aliweza kusikia kile ambacho mwanawe amejifunza.

Tofauti ya pili inahusu makundi rika. Bruno Gutmann, aliyefika Kilimanjaro mwaka 1902 na kuondoka kwa mara ya mwisho mwaka 1938, aliamini kwamba ukoo, ujirani na rika ni vifungo ambavyo kanisa halina haki ya kuvivunja. Alikusanya mafundisho ya jando ya Wachaga na kuyachapisha katika majuzuu matatu kati ya mwaka 1932 na 1938. Katika mafundisho ya kipaimara aliwaweka vijana katika vikundi vidogo vya kusaidiana, kwa kufuata desturi ya rika. Gutmann amelaumiwa, na kwa haki, kwa kuichora jamii ya Wachaga kama kitu kisichobadilika, wakati kahawa, shule na siasa vilikuwa vinaibadilisha mbele ya macho yake. Lakini kwa swali la makala hii, jambo alilolifanya lina uzito: mafunzo nje ya kitabu yalipewa umbo ambalo jamii ililitambua kuwa lake.

Kipimo cha umiliki huo kilikuja na Vita Kuu ya Kwanza. Wamisionari wa Leipzig waliokuwa Wajerumani waliondolewa nchini mwaka 1920 na hawakuanza kurudi hadi katikati ya muongo huo. Walutheri wa Marekani walikuja kusaidia, lakini walikuwa wachache. Sharika na shule zilibaki mikononi mwa walimu Waafrika, na zilidumu. Kipalapala, mlezi alipoondoka, kila kitu kiliondoka naye. Kilimanjaro, mlezi aliondoka na wimbo ukabaki.

5.0 Mwaka 1925: kuchorwa kwa mpaka

Neno "ziada" lilipata maana yake ya sasa katika miaka ya 1920. Tume ya Phelps-Stokes, iliyoongozwa na Thomas Jesse Jones na kumjumuisha James Aggrey wa Gold Coast, ilizuru Afrika Mashariki mwaka 1924. Ilipendekeza elimu ijengwe juu ya mambo manne: afya, matumizi ya mazingira hasa kilimo, maisha ya nyumbani, na burudani pamoja na utamaduni. Kwa maandishi, basi, mchezo na wimbo viliwekwa sawa na hesabu. Mwaka 1925 serikali ya Uingereza ilitoa waraka wa sera ya elimu kwa makoloni ya Afrika, na mwezi Oktoba mwaka huohuo serikali ya Tanganyika ilikutana na wawakilishi wa misheni mjini Dar es Salaam.

Matokeo ya mkutano huo yalikuwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1927. Shule ya misheni iliyotimiza viwango ilistahili ruzuku. Isiyotimiza, kama zilivyokuwa shule nyingi ndogo za katekisimu vijijini, haikustahili. Hapo ndipo mambo yalipogeuka. Ruzuku ilihitaji ukaguzi, na ukaguzi ulihitaji kitu kinachohesabika: mwalimu mwenye cheti, rejesta, saa za kufundisha, mtihani. Mkaguzi aliweza kupima imla. Hakuweza kupima kwaya wala uaminifu wa kikundi cha rika. Kilichopimika kikawa somo. Kisichopimika kikasukumwa jioni.

Ni kinaya cha historia kwamba tume iliyotaka burudani na utamaduni viwe nguzo ilifuatwa na utaratibu wa fedha uliovifanya viwe nyongeza. Kilimo chenyewe, kilichosifiwa mno na tume, kilikutana na ukaidi wa wazazi. Wazazi waliona kwamba karani analipwa kuliko mkulima, na wakahoji kwa nini mtoto wao apelekwe shule kushika jembe lililoko nyumbani. Kumbukumbu ya kazi za shamba katika vituo vya misheni haikuwasaidia watetezi wa somo hilo.

Tabora inaonesha upande mwingine wa mpaka huo. Mwaka 1925 ilifunguliwa Shule ya Serikali ya Tabora kwa ajili ya watoto wa watemi na machifu, kwa mfano wa shule za bweni za Kiingereza. Humo michezo, uongozi wa viranja na nidhamu ya bweni havikuonekana kuwa mchezo. Vilikuwa maandalizi ya utawala. Julius Nyerere alisoma hapo kuanzia mwaka 1937. Kwa hiyo mafunzo yaleyale yaliyoitwa nyongeza katika shule ya kijiji yaliitwa malezi ya kiongozi katika shule ya wateule. Kilichobadilika kilikuwa hadhi ya mtoto.

Mwaka huohuo wa 1925 Kipalapala ilizaliwa upya kama seminari kuu ya Mtakatifu Paulo, na baadaye pakawa na kiwanda cha uchapaji kilichotoa vitabu na magazeti ya Kiswahili. Mahali palipokuwa na watoto wasio na sauti katika maandiko pakawa mahali pa kuchapa maandiko.

6.0 Mjadala

Je, ulinganisho huu ni wa haki? Pingamizi mbili zinastahili kujibiwa. La kwanza ni la muda: makao ya Kipalapala yalidumu chini ya miaka kumi, ilhali shule za Kilimanjaro zilikuwa na vizazi. La pili ni la uchumi: kahawa iliwapa wazazi wa Kichaga uwezo wa kudai na kugharimia elimu, na chama chao cha wakulima kilikwisha kuundwa mwaka 1925. Pingamizi zote mbili ni za kweli, na zinaonya tusilifanye kanisa moja kuwa bora kuliko jingine. Ushirika wa mtoto na wazazi wake, si madhehebu, ndio kigezo. Shule za Kikatoliki zilizowapokea watoto wa vijijini baadaye zilikabiliana na wazazi walewale wenye maswali yaleyale.

Lakini pingamizi hizo haziondoi hoja ya msingi. Muda mfupi wa Kipalapala ulitokana kwa sehemu na kutokuwa na mizizi: makao ya watoto wasio na ndugu katika nchi ya Isike hayakuwa na mtetezi ndani ya himaya hiyo. Na kahawa ilimpa mzazi nguvu ya kuuliza, yaani nguvu ileile ambayo mtoto wa Kipalapala alinyimwa.

Baada ya uhuru, Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilijaribu kuufuta mpaka wa mwaka 1925 kwa kurudisha shamba katikati ya shule. Miaka miwili baadaye, Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ilifungua njia ya serikali kuzichukua shule za misheni, za Kilutheri na za Kikatoliki pamoja. Nia ya sera ilikuwa kumfanya mtoto mmiliki wa kazi yake. Pale ambapo wanafunzi na wazazi walishiriki kuamua nini kilimwe na mavuno yatumikeje, nia hiyo ilikuwa na nafasi. Pale ambapo shamba lilikuwa amri, swali la Kipalapala lilirudi: hili ni somo au ni kazi?

7.0 Hitimisho

Makala hii imeonesha kwamba mafunzo ya mikono, sauti na rika yalikuwa kiini cha malezi ya watoto Unyanyembe kabla ya misheni, yakaendelea kuwa kiini katika makao ya Kipalapala, na yakasogezwa pembeni na utaratibu wa ruzuku baada ya mwaka 1925. Imeonesha pia kwamba kuyaweka katikati si wema kwa lenyewe. Kipalapala yalikuwa katikati kabisa, na bado mtoto hakuwa na njia ya kuyakataa.

Funzo kwa watunga mitaala wa leo ni la namna moja. Mjadala wa amali na masomo ya ziada huishia mara nyingi katika vifaa, vipindi na ada. Historia ya njia hii ya misafara inashauri swali jingine litangulie: nani anaweza kusema hapana? Mzazi wa Machame aliweza. Kijana wa Kinyamwezi aliyebeba mzigo wake wa kwanza kuelekea Bagamoyo alirudi kwa watu waliomsubiri. Mtoto aliyelipiwa hakuwa na wa kumsubiri. Utafiti zaidi unahitajika juu ya watoto hao wa Kipalapala, hususani walikokwenda baada ya mwaka 1889, kwa kuwa deni la historia ya elimu Tabora kwao bado halijalipwa.